Somo la Familia: Mtoto Mchanga Akigeuka Manjano, Tusingoje Jumapili

Maandiko ya kusoma nyumbani: 2 Samweli 4:4 na 9:1-13, 2 Wafalme 20:1-7, Yohana 9:1-7.

Somo la mwezi huu si la kawaida katika gazeti letu dogo, na baadhi ya wazee wa kanisa waliniuliza kama mambo ya damu na maini yana nafasi katika ukurasa wa mafundisho. Nimeona yana nafasi. Kila mwaka tunabariki watoto wengi mbele ya kanisa, na katika nyumba zetu nyingi mama akijifungua huitwa mchungaji au mama wa maombi kabla ya kuitwa mtu mwingine yeyote. Basi ikiwa sisi ndio tunaofika kwanza, imetupasa kujua tunachokiona. Mimi si daktari. Nimemwomba muuguzi mmoja ambaye ni muumini asome ukurasa huu kabla haujachapwa, naye amenisahihisha mahali pawili.

Katika 2 Samweli 4:4 tunakutana na mtoto mkimbizi. Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika. Yaya wake alimchukua akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete. Angalieni jambo moja: mstari huo hausemi kwamba alilogwa, wala hautaji dhambi ya mama yake. Unataja sababu. Watu walikuwa wanakimbia na mtoto akaanguka. Sisi tuliovuka Ziwa Tanganyika usiku tukiwa na watoto mgongoni hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia mstari huo.

Ulemavu una sababu. Na sababu mojawapo hutokea katika siku za kwanza kabisa za maisha, ndani ya nyumba iliyotulia, watu wote wakidhani mtoto amelala tu.

NILIVYOKOSEA

Mwaka 2006, nikiwa mwinjilisti kijana ambaye bado sijaingia chuo cha Biblia, niliitwa jioni kwenda kumwombea mtoto wa kiume wa siku tatu. Alikuwa amezaliwa nyumbani. Bibi yake aliniambia kwamba mtoto hanyonyi vizuri tangu asubuhi na macho yake yamekuwa kama kiini cha yai. Nilimwangalia kwa mwanga wa kibatari, na kwa mwanga ule kila kitu ni cha manjano, hata mikono yangu. Niliomba kwa sauti kubwa. Mtoto hakulia wala hakushtuka, nami nikamwambia mama yake kwamba amani ya Bwana imemshukia, amwache alale, tutaonana Jumapili baada ya ibada. Ilikuwa Ijumaa.

Jumapili hawakuja kanisani. Nilipokwenda nilimkuta mtoto amejikunja kwa nyuma kama upinde, shingo imevutwa kisogoni, analia kilio chembamba cha juu ambacho sijakisahau. Wakamkimbiza hospitalini, na huko wakafanya yote waliyoweza. Hakufa. Leo ni kijana anayekaribia miaka ishirini. Hawezi kukaa bila kushikwa, mikono yake hujinyonganyonga yenyewe bila yeye kutaka, na hasikii vizuri. Mama yake ameniruhusu kusimulia haya bila kutaja majina.

Nilielewa nilichokiona miaka mitano baadaye, nikiwa mwanafunzi. Muuguzi mmoja mstaafu alikuja chuoni kutufundisha somo la afya ya jamii, akafika kwenye manjano ya watoto wachanga, akaandika dalili ubaoni moja baada ya nyingine. Ilikuwa kana kwamba alikuwepo katika nyumba ile. Usingizi niliouita amani ulikuwa ubongo unaoanza kulewa sumu.

MANJANO YANATOKA WAPI

Kwanza tutenganishe maneno. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoletwa na mbu. Ndiyo ile ambayo wasafiri huchanjwa na kupewa kadi ya njano. Haya tunayosema leo ni manjano ya mtoto mchanga, na hayaletwi na mbu.

Damu yetu ina chembe nyekundu. Kila chembe huishi kwa muda, kisha huvunjika na nyingine mpya huchukua nafasi yake. Kwa mtu mzima huishi siku 120 hivi. Kwa mtoto mchanga huishi muda mfupi zaidi, na tena yeye huzaliwa akiwa na chembe nyingi kuliko sisi. Zinapovunjika hutoa kitu cha rangi ya manjano kiitwacho bilirubini. Mtoto akiwa tumboni, bilirubini hiyo hupita kwenye kondo la nyuma na kusafishwa na ini la mama. Siku anapozaliwa kitovu kinakatwa, na ini lake changa linaachiwa kazi yote peke yake, kama binti aliyeolewa jana ambaye leo anakabidhiwa jiko la watu ishirini. Atajifunza, lakini si siku ya kwanza.

Ndiyo maana watoto wengi hupata manjano kidogo. Kati ya watoto 100 waliotimiza miezi yao, kama 60 huwa na manjano katika juma la kwanza, na kati ya njiti 100, kama 80. Kwa wengi yanaanza siku ya pili au ya tatu, yanazidi kidogo mpaka siku ya nne au ya tano, kisha yanaisha yenyewe ndani ya majuma mawili bila dawa yoyote. Hapo ndipo penye mtego, wapendwa. Kwa kuwa kila bibi ameona watoto kumi waliopona wenyewe, anapomwona wa kumi na mmoja husema, haya ni ya kawaida. Naye mara nyingi yuko sawa. Lakini yule mmoja ambaye kwake bibi hayuko sawa, hatuna siku za kumngojea.

Bilirubini ikiwa kidogo husafiri ndani ya damu ikiwa imebebwa na protini, kama mizigo juu ya lori. Mizigo ikizidi lori, inayobaki hukosa wa kuibeba, na kwa kuwa asili yake ni kupenda mafuta, hupenya mpaka kwenye ubongo. Huko hushambulia hasa viini vilivyo ndani kabisa, vile vinavyoongoza mwendo wa viungo, usikivu na macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 daktari Mjerumani Georg Schmorl aliyekuwa akichunguza maiti za watoto aliona viini hivyo vimepakwa rangi ya manjano, na jina alilolitoa ndilo linalotumika mpaka leo hospitalini: kenikterasi, yaani umanjano wa viini vya ubongo. Ikishafika hapo, hakuna dawa inayorudisha yaliyoharibika. Kabla haijafika hapo, karibu kila mtoto anaweza kuokolewa. Kati ya hali hizi mbili pengine kuna siku moja, pengine saa chache.

Msidhani ni jambo la nadra. Watafiti waliokadiria hali ya dunia kwa mwaka 2010 walihesabu watoto kama 114,000 waliokufa kwa manjano makali, na zaidi ya 63,000 waliopona wakiwa na madhara ya ubongo. Wengi wao ni wa Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini, mahali ambapo mtoto huchelewa kuonwa.

JINSI YA KUMTAZAMA MTOTO

Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi manjano hujificha, na watoto wetu wengi huzaliwa weupe kiasi kwamba mtu hawezi kujua rangi yao halisi. Mtazameni mchana, karibu na mlango au dirisha, si kwa kibatari, na hata tochi ya simu hudanganya. Tazameni weupe wa macho. Tazameni fizi. Kandamizeni kidole taratibu juu ya ncha ya pua au paji la uso kisha mkiachie, muone rangi iliyo chini kabla damu haijarudi. Kisha fungueni viganja na mtazame nyayo. Manjano kwa kawaida huanza usoni na kushuka kuelekea miguuni kadiri yanavyozidi. Yakifika kwenye viganja na nyayo, huyo ni mgonjwa mahututi hata kama anaonekana ametulia.

Mtoto yeyote anayeonekana wa manjano kabla ya kutimiza saa 24 tangu kuzaliwa apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo. Hakuna manjano ya kawaida siku ya kwanza. Vivyo hivyo mtoto wa siku yoyote mwenye manjano ambaye amekuwa mzito wa kuamka, amelegea kama kitambaa, au ameacha kunyonya. Kilio chembamba cha juu, kukakamaa, kujikunja nyuma, homa au degedege maana yake ni kwamba sumu imekwisha kuingia, lakini hata hapo mpelekeni mbio, kwa maana bado kuna ambacho kinaweza kuzuiwa.

Kuna na dalili nyingine ambayo si ya ghafla lakini wengi huipuuza. Manjano yakipita siku 14 kwa mtoto aliyetimiza miezi, au kinyesi chake kikiwa cheupe kama udongo wa chokaa na mkojo ukipaka nepi rangi nzito, inaweza kuwa njia ya nyongo imeziba. Upasuaji wa tatizo hilo hufaulu zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza miezi miwili, kwa hiyo msikae mkisubiri aongezeke uzito.

KWA NINI HUYU NA SI YULE

Hapa ndipo maneno ya mtaani huanza. Wengine husema ni jicho la jirani, wengine husema mama alikula kitu fulani. Sababu zinajulikana, na nyingine zinaonekana kabla mtoto hajazaliwa.

Ya kwanza ni makundi ya damu kutopatana. Mama mwenye kundi O akizaa mtoto wa kundi A au B, kinga za mama zinaweza kuvunja chembe za damu za mtoto. Yako pia mambo ya alama ile ya kutoa: mama ambaye kundi lake lina alama hasi, akizaa mtoto mwenye alama chanya, mwili wake hujifunza kuipinga damu hiyo, na mara nyingi ni mtoto wa pili au wa tatu anayeumia. Iko sindano ya kuzuia hilo, hupigwa mama ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Kwa hiyo akina mama, mkienda kliniki ya wajawazito ulizeni kundi lenu la damu liandikwe kwenye kadi, na mlijue kwa kichwa. Sisi watu wa kukimbia tunapoteza kadi.

Ya pili ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi G6PD. Ni jambo la kurithi, hupitia kwa mama na huwaumiza hasa watoto wa kiume, nalo ni la kawaida katika nchi zenye malaria kwa sababu walio nalo hupata kinga fulani dhidi ya malaria hiyo. Wengi huishi nalo bila kujua. Lakini mtoto wa namna hii akikutana na vitu fulani, damu yake huvunjika kwa kasi. Kitu kimojawapo kiko ndani ya masanduku yetu: vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali tunavyoweka kwenye nguo kufukuza mende na nondo. Nguo za mtoto zilizohifadhiwa kwa vidonge hivyo, au za mitumba zenye harufu hiyo, zisimguse mtoto mchanga. Zifueni, zianikeni siku kadhaa mpaka harufu iishe kabisa, na kama haiishi, ziacheni. Wala mtoto asipewe dawa ya dukani wala ya miti bila kuonwa na mganga wa zahanati.

Kuna na watoto njiti, watoto waliovimba kichwa au kuchubuka kwa uzazi mgumu, kwa kuwa damu iliyovilia lazima ivunjike, watoto wenye maambukizi hasa ya kitovu, na wale ambao kaka au dada yao alipata manjano makali. Kama mtoto wako wa kwanza aliwekwa chini ya taa, mwambie muuguzi siku ile ile unapojifungua huyu wa sasa.

Na mwisho, njaa. Bilirubini iliyosafishwa hutoka kwa kinyesi. Kile kinyesi cheusi cha kwanza kimejaa bilirubini, na kikikaa tumboni muda mrefu sehemu yake hurudi kwenye damu. Maziwa ya kwanza ya mama, yale mazito ambayo wengine huyakamua na kuyamwaga wakisema ni machafu, ndiyo yanayokifukuza. Mtoto anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Maji ya sukari hayasafishi manjano. Yanajaza tumbo tu na kumfanya akatae ziwa.

DIRISHA LA HOSPITALI YA ROCHFORD

Nataka niwasimulie jinsi dawa ya manjano ilivyopatikana, kwa sababu habari hii hunifurahisha kila ninapoisoma. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi mkuu wa wodi ya njiti aliitwa Sista Jean Ward. Aliamini kwamba hewa safi na jua ni bora kuliko joto la wodi, na siku za jua aliwatoa watoto uani, akiwarudisha kabla ya madaktari kuzunguka. Siku moja aliwaonyesha madaktari, kwa wasiwasi kidogo, mtoto ambaye mwili wake ulikuwa umepauka isipokuwa kipande kimoja chenye umbo la pembe tatu kilichokuwa cha manjano sana. Madaktari walidhani amempaka dawa. Kumbe pembe tatu ile ndiyo iliyokuwa imefunikwa na ncha ya shuka. Mwili uliobaki ndio uliosafishwa na jua.

Baadaye chupa ya damu ya mtoto mwingine ilisahauliwa dirishani penye jua, na ilipopimwa bilirubini ilikuwa imepungua sana. Daktari R. J. Cremer na wenzake wakaunganisha mambo haya mawili, wakatengeneza taa za mwanga wa buluu, na mwaka 1958 wakachapisha majibu. Mpaka leo ndiyo tiba inayotumika duniani kote. Mwanga wa buluu hugeuza bilirubini iliyo kwenye ngozi iwe ya namna ambayo mwili unaweza kuitoa bila kungoja ini. Mtoto hulazwa uchi chini ya taa, macho yamefunikwa, na hutolewa kunyonya. Kinyesi chake huwa laini na cha kijani, na mama asiogope.

Najua swali lililo midomoni mwenu: kama ni jua, kwa nini tusimwanike nje wenyewe? Ndivyo tulivyoambiwa wengi wetu, hata na watu wa afya. Ndugu zangu, jua letu la saa nne linaweza kumuunguza mtoto na kumkausha maji, jua la asubuhi la dakika kumi halitoshi kumtibu mwenye manjano makali, na usiku jua halipo ilhali sumu haipumziki. Katika utafiti wa Nigeria uliotolewa mwaka 2015 watoto walitibiwa vizuri kwa jua, lakini lilikuwa jua lililochujwa kwa mapazia maalum yanayozuia miale mibaya, na wauguzi walikuwa wakipima joto na damu ya watoto siku nzima. Hilo ni tofauti na kanga uani kwetu. Hatari kubwa ya kuanika si jua lenyewe, ni kwamba mama huamini ameanza tiba, na siku mbili zinapita.

Manjano yakiwa yamezidi, au taa zisiposhusha haraka, madaktari hubadilisha damu: hutoa damu ya mtoto kidogo kidogo na kumrudishia ya mtu mwingine, mpaka kiasi kilichopita ni kama mara mbili ya damu aliyo nayo. Kwa mtoto wa kilo tatu ni kama nusu lita. Damu hiyo lazima itoke kwa mtu. Vijana wa kwaya, mnaoogopa sindano, hili nimeliandika kwa ajili yenu.

MAOMBI NA TINI

Sasa mtu atasema, mchungaji ametuambia tusiombe. Sijasema hivyo. Someni 2 Wafalme 20. Hezekia aliugua akakaribia kufa, akaomba huku akilia. Mungu alimsikia na kumtuma Isaya arudi na ahadi ya kumponya na kumwongezea miaka kumi na mitano. Ahadi imekwisha kutolewa. Kisha nabii yule yule anaagiza walete mkate wa tini na kuuweka juu ya jipu. Kwa Isaya hapakuwa na vita kati ya maneno ya Mungu na dawa iliyokuwa ikijulikana siku zile. Mimi usiku ule wa 2006 nilikuwa na maombi, nikayaacha matini kwenye kapu.

Kwa hiyo katika kanisa hili tumekubaliana na wazee: mtoto mchanga mwenye manjano, asiyenyonya, au anayelala bila kuamka, haombewi akiwa amelala nyumbani. Anaombewa njiani. Anayeitwa kuomba ndiye anayembeba. Na kama mama hana nguvu ya kutembea, shemasi wa mtaa atamtafutia baiskeli au pikipiki mpaka zahanati, na zahanati itamwandikia rufaa.

Ziko desturi za nyumbani tunazozipenda, nami nazipenda. Moja ni ya kumweka mzazi na mtoto ndani mpaka kitovu kidondoke. Ina busara yake ya kumpumzisha mama na kumkinga mtoto na magonjwa. Lakini kitovu hudondoka baada ya juma moja au zaidi, na manjano makali hufika kileleni kabla ya hapo. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto aonwe ndani ya saa 24 za kwanza, tena siku ya tatu, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha majuma sita. Hiyo ya siku ya tatu ndiyo inayookoa ubongo, nayo ndiyo tunayoikosa zaidi. Akina bibi, tafadhali, mfungueni mlango siku ya tatu. Mtamfunika vizuri, mtarudi naye.

WALE AMBAO TAYARI

Kuna familia zinazosoma ukurasa huu zikiwa na mtoto aliyekwisha kuumia. Nimeandika kwa hofu kwa ajili yenu, maana sitaki kuwatwika hatia ambayo ni ya watu wengi, mimi nikiwa mmojawao. Wanafunzi walipomwona yule aliyezaliwa kipofu walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye Yesu akakataa yote mawili (Yohana 9). Maswali hayo hayo yamekaa nyuma ya viti vyetu kanisani. Mama wa kijana yule aliniambia kwamba kwa miaka mingi alikaa nje karibu na mlango kwa sababu wenzake walikuwa wakiwavuta watoto wao pembeni alipopita.

Na hili nalo ni la kuelewa: kenikterasi hushambulia viini vya mwendo na masikio, lakini sehemu za kufikiri mara nyingi husalimika. Mtoto anayejinyonga na kutoa mate, asiyeweza kusema neno, anaweza kuwa anaelewa karibu kila kitu. Wengine hawageuzi macho kutazama juu, na meno yao ya utoto huwa na rangi, haya pia yanatokana na manjano. Masikio yao yapimwe, maana wengine husikia sauti bila kuyatambua maneno, na watu huwaita wapumbavu. Mazoezi ya viungo, kiti kilichotengenezwa kumshika, kulishwa akiwa ameketi badala ya kulala ili asipaliwe, haya yote husaidia. Kijana yule hucheka kabla ya wengine ninapofanya mzaha katika mahubiri, kama amekaa karibu anisikie.

Mefiboshethi hakuponywa miguu. 2 Samweli 9 inamalizika akiwa bado kiwete wa miguu yote miwili, lakini anakula mezani pa mfalme siku zote. Daudi hakungoja aletwe, alitafuta kwanza habari za nyumba ya Sauli, kisha akatuma watu kumleta kutoka Lo-debari. Tangu mwaka huu mstari wa mbele upande wa kushoto umewekwa wazi kwa ajili ya watoto hawa na wazazi wao, na wasimamizi wameambiwa wasimweke mtu mwingine hapo.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA NYUMBA

Katika mtaa wenu, ni mama gani wanaotarajia kujifungua kati ya sasa na Krismasi, na nani kati yao anajua kundi lake la damu? Je, kuna mtoto ambaye tumekuwa tukisema amelogwa, na ni nani atakayekwenda kuwaomba radhi wazazi wake? Usiku wa manane, mzazi akiwa nyumba ya mwisho kabisa ya mtaa na mvua inanyesha, ni nani mwenye baiskeli? Kila kikundi kiandike majina mawili ya watu watakaoamshwa, na yamfikie katibu wa kanisa kabla ya mwisho wa mwezi.